Mgeni na Saa Yake: Historia ya Kungoja Katika Nchi Yetu



Mgeni akifika kwetu, lalamiko lake la kwanza huwa lile lile: watu wa huku wanakwenda taratibu mno. Tunalisikia hapa Nduguti, makao makuu ya wilaya ya Mkalama mkoani Singida, tunakoshona nguo za harusi na sare za shule. Wilaya yetu ilizaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Iramba. Tangu hapo wamekuja watumishi kutoka Dar es Salaam, wahandisi, wauguzi, wazungu wa miradi, na mabibi harusi waliovuka bahari kuwafuata waume zao bara. Wote hupitia njia moja. Mwanzoni wanatazama saa kila mara. Kisha wanakasirika. Baada ya hapo wanagawanyika: wapo wanaofunga mizigo, na wapo wanaokaa mpaka wanakuwa wenyeji.

Leo tunataka kulitazama jambo hili kwa jicho la historia, kwa sababu halikuanza na ndege za watalii. Nchi yetu imepokea wageni kwa karibu miaka elfu mbili, na karibu kila aliyekuja alikutana na kitu ambacho pesa yake haikuweza kukiharakisha: upepo, mvua, au ridhaa ya wenye nyumba. Namna alivyongoja ndiyo iliyoonyesha yeye ni nani. Kwa binti anayeposwa na mtu wa kutoka mbali, habari hii ina faida yake, na tutaifikia.

Saa inayoanza na jua

Tuanze na saa yenyewe. Kwa Mzungu siku huanza usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza: saa moja asubuhi ni saa moja tangu mapambazuko, na saa kumi na mbili jioni jua linatua. Tuko karibu na ikweta, mchana na usiku wetu havipishani sana kwa urefu, kwa hiyo hesabu hii inatutosha mwaka mzima. Tena kwetu Waislamu siku mpya huingia magharibi. Ndiyo maana bibi akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alhamisi jioni, na bibi harusi asiyelijua hilo anaweza kukosea siku ya kupakwa hina.

Mgeni asiyejua hesabu hii hupata tabu. Anaalikwa karamu ya saa nane mchana, anasikia "nane", anatazama saa yake ya mkononi, na anafika usiku masufuria yameshasuguliwa. Halafu anasema wenyeji hawajali muda, kumbe muda walikuwa nao, ila si ule wa kwake.

Kuna siku moja Zanzibar ambapo kupishana huku hakukuwa jambo la kuchekesha. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila kibali cha Waingereza. Waingereza wakampa muda: atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27, la sivyo manowari zitapiga. Asubuhi ile Khalid alituma mjumbe akitaka mazungumzo. Kwa desturi za huku, mjumbe akishafika maana yake mlango umefunguliwa, na watu watakaa mpaka wapatane. Kwa Waingereza saa ilikuwa saa. Dakika chache baada ya saa tatu mizinga ililia, na kabla ya saa nne vita vilikuwa vimekwisha. Vinahesabiwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia, kati ya dakika 38 na 45. Kwa upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilisalimika siku ile, na baadaye likawekewa mnara wa saa mbele yake. Mnara huo ulianguka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Wengi wetu tuliotembelea Forodhani tunaukumbuka. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba mnara huo ulifika pale ukitanguliwa na mizinga.

Upepo mshenga

Lakini miaka mingi kabla ya manowari zile, wageni walifika kwa njia ambayo haikuwapa nafasi ya kuharakisha. Walikuja na upepo. Kaskazi inavuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza kama Aprili na ndiyo iliyowarudisha. Katikati hapo, hata nahodha awe tajiri kiasi gani, hakuwa na la kufanya ila kukaa. Alikaa Kilwa, Lamu, Mombasa, Pemba au Unguja, wiki na miezi, akiuza tende na nguo, akinunua boriti na pembe, akiswali msikitini na wenyeji, akila chakula cha watu.

Kukaa huko ndiko kulikozaa udugu. Kipo kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinachoitwa Periplus. Mwandishi wake anaeleza kwamba manahodha wa Kiarabu waliokuja katika pwani yetu walikuwa wameizoea nchi, walijua lugha ya watu wake na walioana nao. Hiyo ni kabla ya Uislamu kudhihiri. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta misikiti, wanazuoni na miji iliyozoea kupokea watu wa msimu. Mshenga wa ndoa nyingi za kale za pwani, kwa hiyo, alikuwa upepo. Ulimweka mgeni mahali pamoja muda wa kutosha wazee wamtazame: anaswali? Analipa madeni? Anasema nini akikasirika?

Hata karne ya 20 mambo hayakuwa mbali na hapo. Mwishoni mwa 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali al-Najdi, kutoka Aden kuja Afrika Mashariki. Alikuwa bingwa wa meli za matanga, mtu wa ratiba na vipimo. Katika jahazi lile ilimbidi alale juu ya sitaha na wenzake, ale nao sahani moja, na angoje bandarini na katika delta ya Rufiji mabaharia walipokuwa wakikata na kupakia boriti za mikoko kwenye tope na joto. Safari yake ikaingia mwaka 1939, na kitabu alichokitoa mwaka 1940 kimebaki kuwa moja ya kumbukumbu kamili za maisha ya majahazi. Angeipanda meli ya moshi, angefika upesi na asiwe na la kuandika.

Tusipambe historia lakini. Upepo uliomleta mume ndio uliomchukua. Wapo waliorudi kila msimu wakawa waume na baba wa kweli, na wapo walioondoka na kusi wakaacha mke na watoto wakitazama bahari. Kungoja kulimpa mwanamke nafasi ya kumjua mgeni. Hakukumhakikishia kwamba mgeni atarudi.

Njia ya bara na doti za nguo

Ukitoka pwani kuja upande wetu wa kati, upepo unakwisha na miguu inaanza. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwisho wa Juni 1857, wakaingia Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu siku 134. Leo basi la asubuhi linafika siku hiyo hiyo.

Safari zile hazikuenda kwa saa, zilienda kwa nguo, na sisi wa cherehani hapo tunasikiliza vizuri. Kila nchi iliyopitwa ilidai hongo, na hongo ililipwa kwa vitambaa: merikani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Marekani, na kaniki za buluu kutoka Bara Hindi. Vipimo vilikuwa shuka ya mikono minne, na doti ya mikono minane. Ukinunua doti ya kanga leo kwa ajili ya sanduku la bibi harusi, unatamka neno la misafara. Majadiliano ya hongo huko Ugogo yaliweza kula siku nzima au zaidi. Wazungu waliandika kwa hasira kwamba wanacheleweshwa. Kwa mwenye nchi, lile ndilo lilikuwa jambo lenyewe: mgeni aketi, ajieleze anakotoka na anakokwenda, atoe heshima, ndipo apewe maji na njia.

Huko Kaze, Burton na Speke walipokelewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliyewahifadhi, akawatafutia wapagazi na kuwafundisha habari za nchi. Mwaka 1858 walipopita tena, Burton alibaki naye akikusanya maneno na maelezo, na Speke akaenda kaskazini upesi akaliona ziwa Nyanza. Kwa haki lazima tuseme: aliyeharakisha ndiye aliyeliona ziwa. Lakini aliliona kwa muda mfupi sana, akadai ndilo chimbuko la Nile bila kulizunguka, na ugomvi wake na Burton juu ya dai hilo uliendelea mpaka kifo chake mwaka 1864. Alikuwa sahihi, ila hakuwa na ushahidi wa kuwatosha watu.

Mwaka 1872 David Livingstone alingoja Kwihara, jirani na Tabora, miezi mitano kamili mpaka wapagazi walipotoka pwani. Alipofariki mwaka uliofuata katika nchi ambayo leo ni Zambia, ni watu wale wale, wakiongozwa na Chuma na Susi, walioubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mtu anayewaita Waafrika wazembe wa muda na aitafakari safari hiyo. Hapakuwa na ratiba wala msimamizi, na hawakumtupa njiani.

Mkoa wetu wa Singida una kumbukumbu nyingine. Henry Stanley, aliyesifika kwa mwendo wa kasi, aliondoka Bagamoyo Novemba 1874, na Januari 1875 alikuwa katika nchi ya Wanyaturu. Msafara wake ulikuwa na njaa na wagonjwa. Mahali palipoitwa Vinyata mmoja wa watu wake alishukiwa kuiba maziwa. Stanley alitoa nguo kumaliza shauri, akadhani limekwisha. Halikwisha. Yakazuka mapigano ya siku kadhaa, watu wake zaidi ya 20 wakafa, na yeye akachoma vijiji kabla ya kuendelea kuingia Iramba. Habari hizi tunazo kwa kalamu yake mwenyewe, na wenyeji hawakuandika zao. Ila hata kwa maelezo yake inaonekana mgeni asiyejuana na mtu yeyote, aliyelipa kitambaa bila kukaa na watu, na kitambaa hakikutosha kununua amani.

Karanga za Kongwa

Mfano mkubwa kuliko yote uko Kongwa, Dodoma, katika ukanda ule ule mkavu tunaouishi sisi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 walitumwa wataalamu kupima ardhi ya Tanganyika kwa kilimo cha karanga. Walimaliza kazi kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka angani. Mpango ukapitishwa: ekari 3,210,000 katika miaka sita, kuanzia na ekari 150,000 mwaka wa kwanza.

Wakaja maelfu ya wageni na matrekta yaliyonunuliwa mitumba baada ya vita, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kulimia. Miti ya mbuyu na vichaka vya Kongwa vilivunja mashine. Kiangazi udongo ukakauka ukawa kama matofali, na karanga iliyo chini haichimbuliki. Mvua hazikufuata kalenda ya London. Kufikia mwisho wa 1947 zilikuwa zimesafishwa ekari zipatazo 7,500 tu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, hasara ikiwa paundi milioni 36.

Sisi mafundi tunaielewa hasara ile kirahisi. Kitambaa cha pamba huloweshwa kwanza ndipo kikatwe, kwa sababu kikifuliwa baadaye kinarudi. Mteja mwenye haraka anasema, "Kata tu, fundi, harusi Jumamosi." Gauni linatoka zuri, linavaliwa mara moja, likifuliwa linambana. Kongwa ilikatwa kabla ya kuloweshwa. Mkulima wa kawaida wa Dodoma au Singida asingepanda ekari hata kumi kabla ya kuiona ardhi hiyo katika masika moja na kiangazi kimoja, na hiyo ndiyo "pole pole" waliyomcheka nayo.

Mvua ya Nduguti

Hapa kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Hakuna vuli ya kukuokoa masika yakiharibika. Alizeti, mtama, uwele, mahindi, vitunguu, vyote vinasubiri mawingu yale yale. Ukimuuliza mzazi hapa harusi ya bintiye ni lini, atakujibu, "Baada ya mavuno." Mgeni husikia jibu lisilo na tarehe. Mwenyeji amesikia jibu kamili: tukivuna tutakuwa na chakula cha wageni, na hela ya kitambaa itatoka kwenye alizeti. Hata sisi daftari letu la oda linafuata mvua. Miezi ya kilimo cherehani zinapumzika, na baada ya mavuno hatulali.

Wajerumani walipojenga boma lao Mkalama walileta muda wa aina nyingine, muda wa kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwishoni mwa miaka ya 1890, na kodi haikuuliza kama mvua imenyesha. Mahali pengi wanaume waliondoka kwenda kutafuta fedha mashambani kwa wageni, na wanawake wakabaki na jembe.

Wasomi waliokuja baadaye walijifunza kuketi. James Woodburn, Mwingereza, alianza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadhi yao wako Munguli, ndani ya wilaya yetu. Alieleza kwamba uchumi wao ni wa kupata na kula papo hapo, tofauti na mkulima anayepanda leo ili ale baada ya miezi. Serikali ilipojaribu katika miaka ya 1960 kuwaweka Wahadzabe katika vijiji vya kudumu, wengi walirudi porini upesi. Naye Todd Sanders alikaa na Wanyisanzu, akatoa kitabu mwaka 2008 kuhusu mambo yao ya mvua. Alieleza kwamba mvua ya jadi yao haikuwa ya mtemi mmoja. Ilimhitaji mtemi mwanamume na mtemi mwanamke, kila mmoja na sehemu yake. Sisi Waislamu mvua tunamwomba Mwenyezi Mungu kwa swala ya istisqai. Lakini jambo moja majirani wote hapa wanakubaliana: mvua inaombwa, haiamrishwi.

Pole pole ya fulana

Siku hizi visiwani neno "pole pole" linauzwa kwenye fulana. Wapo wageni waliohamia kabisa Paje, Jambiani na Nungwi kwa sababu wamechoka na mbio za kwao. Tunawakaribisha. Ila wengi wao wanadhani pole pole ni mapumziko. Na waangalie mbele ya hoteli zao maji yakitoka. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, huko huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na wakulima walio wengi ni wanawake. Wanafanya kazi kwa hesabu ya bamvua. Maji yakikupwa saa kumi na moja alfajiri, wanaingia saa kumi na moja. Ukichelewa, bahari inarudi na kazi ya siku hiyo imekwenda. Hakuna bosi mkali kuliko huyo.

Kwa hiyo tusiwakubalie wanaosema watu wa huku hawana muda. Muislamu ana miadi mitano kila siku, na aliyeiacha Alasiri mpaka jua likazama hawezi kujitetea kwa pole pole. Ramadhani tunangoja adhana tende ikiwa mkononi, na hakuna anayeila dakika moja kabla.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya methali. Tunapenda kusema haraka haraka haina baraka, tunasahau kwamba wazee hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa akitafutiwa usafiri taratibu, huo ni uzembe, na unaua. Fundi anayeahidi gauni Alhamisi akijua hajanunua hata uzi, huyo ni mwongo. Subira ni kungoja kile ambacho hakiko mikononi mwako. Kilicho mikononi mwako, kitimize.

Kwa anayeposwa na mgeni

Sasa tuje kwako, binti. Wageni wa leo hawaletwi na kaskazi. Wanakuja kwa ndege wakiwa na tiketi ya kurudi baada ya wiki mbili, au wanaanza kwa ujumbe wa simu na kufika moja kwa moja mlangoni. Wengi ni watu wema. Lakini upepo uliowapa wazee wetu miezi ya kumtazama mgeni haupo tena, na haraka yake inataka iwe haraka yako: posa Jumatatu, nikahi Ijumaa, kwa sababu likizo inakwisha.

Dini yetu na sheria yetu zote zimeweka kungoja ndani ya ndoa. Kuna kumuuliza binti na kupata ridhaa yake, kuna walii na mashahidi, na ndoa ikivunjika au mume akifariki kuna eda, yenye muda wake maalumu. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Siku hizo zimewekwa ili mwenye pingamizi ajitokeze: mke wa kwanza asiyetajwa, au ndugu anayejua jambo.

Mkumbukeni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa siri kwa meli ya Kiingereza, akaingia dini ya mumewe, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na mwaka 1867 akafika Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki katika ajali ya tramu ya farasi, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi na mbio, bila ndugu hata mmoja wa karibu. Kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886 zimejaa maisha ya nyumbani alikoyaacha, siku zilizopangwa kwa swala tano. Hatumtaji ili kumhukumu. Tunamtaja kwa sababu yeye ndiye aliyebeba upweke wote peke yake.

Basi mgeni akija, mpeni muda, na mtazame anavyoupokea. Akiambiwa baba mkubwa yuko Pemba na atarudi mwezi ujao, anasema nini? Anakubali kukaa barazani na wazee bila kutazama simu? Anauliza majina ya watu, au anauliza tu itagharimu kiasi gani? Anakupa njia ya kuwapata ndugu zake, nao wanaijua habari yako? Anayeweza kurudi mara ya pili kwa ajili ya nikahi anaweza kurudi pia ukiwa mgonjwa.

Na wewe unayehama kwenda kwa mume, iwe Nduguti, Muscat au Birmingham, huko mgeni ni wewe. Usiwapimie wenyeji kwa saa uliyotoka nayo. Mwaka wa kwanza jifunze wanangoja nini: mvua, basi, mshahara wa mwisho wa mwezi, au bibi mzaa baba aliye na neno la mwisho. Utakapojua hilo, watu wataacha kuonekana wazito au wakali. Hapa Nduguti mabibi harusi wa visiwani waliotulia ni wale waliopanda mboga zao mwezi wa Desemba pamoja na majirani, wakapalilia nao na kuvuna nao. Wengine bado wanauliza barabara ya kwenda stendi.

Tunawaombea Mwenyezi Mungu awape waume wenye kheri na wakwe wenye huruma. Wenye harusi baada ya mavuno, leteni vipimo mapema, na kitambaa mtuachie kwanza tukiloweshe.

Wassalaam.